Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: Tusikimbilie kumwita mwenye jini



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia usafi wa vyoo, maji ya kunywa, malaria, presha na sukari. Leo naomba tuzungumzie maradhi ambayo hayaonekani kwa darubini wala hayapimwi kwa damu, lakini yamo ndani ya nyumba zetu, yanavunja ndoa zetu na yanawatoa watu misikitini huku sisi tukiwalaumu. Nayo ni maradhi ya kiwewe, yaani athari inayobaki katika nafsi ya mtu baada ya kupatwa na tukio la kutisha, kama ajali, moto, vita, kubakwa, kuvamiwa au kuzama baharini.

Nianze na kisa. Wenyewe wameniruhusu kukisema, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Mama mmoja alimleta mumewe kituoni kwetu akidai presha imempanda. Nilipompima, presha ilikuwa ya kawaida. Nikamtoa nje kidogo yule bwana, nikamuuliza mkewe kuna nini hasa. Akalia. Akasema, "Daktari, mume wangu amenihama kitanda. Analala kwenye mkeka ukumbini. Ijumaa hatoki kwenda msikitini. Akitawadha anarukaruka kama mtoto anayeogopa maji. Watoto wakipiga kelele anatetemeka kwa hasira. Tumeshakwenda kwa waganga wawili, wote wanasema ana jini wa baharini. Mimi nimechoka, nataka niende kwa kadhi nidai talaka yangu."

Nilimuuliza swali moja tu: mumeo amewahi kupatwa na jambo zito baharini? Akanyamaza, kisha akasema, "Alikuwemo kwenye Spice Islander."

Wengi wetu tunakumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idd el Fitr, meli ya MV Spice Islander I iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na miili 203 ndiyo iliyopatikana. Wengine wengi bahari haikuwarudisha. Baadhi ya walionusurika walielea hadi asubuhi wakiwa wamejishikiza kwenye magodoro yaliyokuwa mizigo ya abiria.

Yule bwana alikuwa mmoja wa walioshika godoro. Na hapo ndipo lilipokuwa jibu la ndoa ile. Hakumhama mkewe. Alilihama godoro. Kila mkewe alipolianika juani na kulirudisha ndani, au mtoto alipolikojolea likapata unyevu, ile harufu ya sponji iliyolowa ilimrudisha baharini usiku ule. Hakumwambia mkewe kwa sababu alijionea aibu, mwanamume mzima kuogopa godoro. Na yeye mwenyewe, mpaka tulipokaa na kuchambua, hakuwa na uhakika kuwa ni godoro. Alichojua ni kwamba akiingia chumbani moyo unakwenda mbio na anataka kutoka.

Ni nini kinachotokea?

Wazee wetu walishasema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Elimu ya tiba leo inasema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Mtu anapokuwa katika hatari ya kufa, ubongo wake hauhifadhi tukio lile kama unavyohifadhi habari ya jana ulikula nini. Sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hushika kila kilichokuwepo wakati ule: harufu, sauti, giza, baridi, hata rangi ya nguo. Ile sehemu inayopanga mambo kwa tarehe na kwa mahali, ambayo ndiyo ingemwambia kuwa haya yalipita, hulemewa. Matokeo yake, miaka kumi baadaye kitu kidogo kinachofanana na siku ile kikitokea, kengele hulia kama kwamba hatari iko hapo hapo mlangoni. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, pumzi zinabana, mtu anataka kukimbia au kupigana, au anaganda kama jiwe.

Hivyo vitu vidogo vinavyoitonesha kengele ndivyo tunavyoviita vichochezi. Ni kama kidonda kilichofunga juu huku ndani bado kibichi. Ukikigusa hata kwa bahati mbaya, mwenyewe anaruka, na aliyemgusa anashangaa, "Nimekufanya nini?"

Si kila aliyepatwa na msiba atapata maradhi haya. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watu wapatao 7 katika kila 10 hupatwa na tukio la kutisha angalau mara moja maishani, lakini waliowahi kuugua maradhi haya ni takriban 4 katika kila 100. Wengi hupona kwa rehema za Allah, kwa ndugu, kwa kazi na kwa kupita siku. Katika mwezi wa kwanza, kukosa usingizi, kuota ndoto mbaya na kushtuka ni jambo la kawaida. Linalotakiwa kututia wasiwasi ni pale mwezi unapopita na mambo manne bado yapo na yanaharibu maisha: tukio kumrudia mtu kwa ndoto au akiwa macho, kukwepa kila kinachomkumbusha, nafsi kuwa nzito na kujilaumu, na mwili kukaa macho wakati wote kama mlinzi wa zamu.

Si udhaifu wa imani

Ndugu msomaji, mimi nimesoma chuoni kabla ya kusoma udaktari, na kwa hiyo linaniuma zaidi neno hili linaposemwa kwa jina la dini: "Huyu imani yake ndogo. Angekuwa anamtegemea Allah asingeogopa."

Tujikumbushe tuliyofundishwa. Nabii Musa (a.s.) fimbo yake ilipogeuka nyoka aligeuka akakimbia, na Mola wake hakumfukuza kwa hilo, bali alimwita arudi na kumtuliza. Alipotumwa arudi Misri, mahali alipotoka kwa khofu ya kuuawa, aliisema khofu yake waziwazi, akaomba afuatane na ndugu yake Harun. Akapewa. Mtume wetu (s.a.w.) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, aliomba afunikwe. Bi Khadija (r.a.) alifanya nini? Hakumkemea. Alimfunika, akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake, kisha akampeleka kwa Waraqa, mtu aliyekuwa na elimu ya jambo lile. Kufunika, kutuliza, kisha kumpeleka kwa mjuzi. Nani leo anaweza kutupa mpango bora kuliko huo?

Na kuna kisa cha Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.) katika vita vya Uhud. Alipokuja kusilimu, Mtume (s.a.w.) aliupokea Uislamu wake, lakini alimuomba kama anaweza asimuoneshe uso wake. Simsemi Mtume wetu kuwa alikuwa mgonjwa, hasha. Nasema kwamba yeye, mbora wa viumbe, alitambua kuwa kuna mtu kumtazama tu kunatonesha maumivu, na akalisema hilo kwa upole bila kumdhulumu mtu haki yake. Basi ni nani sisi tumcheke anayeshindwa kutazama bahari?

Daftari la shilingi chache

Sasa tunafanya nini? Hatua ya kwanza ni kuvijua vichochezi, kwa sababu adui usiyemjua humpangii. Dawa yake ya kuanzia ni daftari la skuli na kalamu. Kwa wiki mbili, kila mgonjwa anaposhtuka, akishatulia aandike mambo matano: ilikuwa saa ngapi na wapi, alikuwa anaona, anasikia au ananusa nini, mwili ulifanya nini, fikra gani ilimjia, na yeye alifanya nini. Asiyejua kuandika amwambie mtu anayemwamini amwandikie.

Daftari la yule bwana lilitufungua macho. Godoro lilitokea mara nne. Umeme kukatika usiku, mara tatu. Maji kumwagikia usoni, karibu kila siku. Ijumaa msikitini, pale safu zinapojaa mpaka mlangoni na yeye yuko katikati. Harufu ya dizeli. Na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: mwezi wa Septemba wenyewe. Kila ukikaribia, bila ya yeye kuangalia kalenda, usingizi ulipungua na hasira zilizidi.

Vichochezi vingine vinatoka ndani ya mwili. Mtu akipanda ngazi haraka moyo ukaenda mbio, ubongo unadhani ni ile siku. Njaa, uchovu na kukosa usingizi hufanya kengele iwe nyepesi zaidi kulia. Na vingine vinatoka kwa habari. MV Skagit ilipozama tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, na MV Nyerere kule Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wapo manusura wa ajali za nyuma waliorudi mwanzo kabisa kwa kusikia redio tu. Kwa hiyo, ndugu yangu, unapoletewa kwenye simu picha za maiti za ajali, usizisambaze. Maiti ana haki ya sitara, na aliye hai hujui kidonda gani unakitonesha.

Kengele ikilia

Hatua ya pili ni kujua la kufanya wakati kengele inalia. Lengo ni kuuambia ubongo: hii ni leo, hapa, na niko salama.

Kwanza, kanyaga chini miguu yote miwili, uisikie ardhi. Taja kwa sauti siku, mahali na jambo lililo kweli sasa hivi: "Leo Jumatatu, niko nyumbani kwangu, chini ni sakafu." Pili, taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa na kimoja unachokionja. Tatu, vuta pumzi polepole kwa puani ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu ukihesabu mpaka 6, kwa dakika chache. Anayependa kufuatanisha pumzi na tasbihi na afanye, ni kheri juu ya kheri. Wapo wanaotulizwa na karafuu au ndimu iliyo mfukoni, wakainusa.

Hapa nitahadharishe. Wengi husema mtu akishtuka mmwagie maji au atawadhe. Kwa wengi maji baridi hutuliza, lakini kwa aliyezama, maji usoni ndiyo bahari yenyewe. Kwa yule bwana tulikaa na imamu wa msikiti wake. Imamu alimkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kiasi cha viganja viwili. Basi akaacha bomba na ndoo, akachukua kopo dogo, akaosha uso kwa kiganja chake mwenyewe taratibu, macho wazi, amekaa mahali penye mwanga. Hukumu za anayeshindwa kabisa kutumia maji ni za masheikh, mimi sitoi fatwa. Lakini tazameni namna tabibu na imamu walipokaa pamoja, mtu akarudi kwenye sala yake.

Kukwepa si kupona

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, na hapa familia nyingi zenye huruma hukosea. Wakishajua vichochezi huviondoa vyote. Godoro nje, redio imezimwa, asitoke, asisafiri. Siku za mwanzo hilo linampa nafuu. Lakini kila anachokikwepa ubongo unajifunza kuwa kweli ni hatari, na duara la maisha yake linapungua mpaka anabaki na chumba kimoja. Nimewaona watu wa Pemba wenye wazazi wazee kule ambao hawajavuka bahari kuwazika, na sasa wanaumwa na majuto juu ya khofu.

Njia sahihi ni ngazi. Vichochezi vinapangwa kuanzia kinachoogopesha kidogo mpaka kikubwa, na mtu anapanda kipandio kimoja kimoja, akikaa hapo mpaka khofu ishuke yenyewe, ndipo aende cha juu. Kazi hii, hasa kulizungumza tukio lenyewe kwa urefu, ifanywe pamoja na mtu aliyesomea tiba ya nafsi. Usimlazimishe mtu kwa nguvu, wala usimpeleke bandarini ghafla ati azowee. Yule bwana nilimpeleka kwa wataalamu, na kwao walianza na kukaa mlangoni mwa chumba godoro likiwa kavu limetandikwa shuka, mkewe pembeni, dakika kumi. Ijumaa alianza safu iliyo karibu na mlango. Ilichukua miezi. Amerudi kitandani, na kwa kadhi hawakwenda. Meli bado hajapanda, lakini amefika mpaka Malindi akamsindikiza mwanawe.

Tunayoyakosea

Naomba niyaseme wazi, kwani ndiyo sababu ya makala hii.

La kwanza, tuache kusema "sahau, ni kadari". Kuamini kadari ni nguzo, lakini aliyevunjika mguu kwa kadari ya Allah tunampeleka akafungwe bandeji.

La pili, tuache kumhoji. Mtu ametoka kwenye ajali, kila anayekuja kumpa pole anauliza, "Ilikuwaje?" Anasimulia mara ishirini kwa siku. Mwache aseme akitaka na kiasi anachotaka. Wewe mpe maji, chakula, blanketi, muulize anahitaji nini, mkutanishe na jamaa zake.

La tatu, vidonge vya usingizi vya kununua dukani. Valium na dawa za jamii yake si tiba ya maradhi haya. Humzoesha mtu, na huweza kumchelewesha kupona. Zipo dawa za kuondoa sononeko zinazosaidia, lakini huandikwa na daktari na kufuatiliwa. Bangi, mirungi na ulevi ni haramu na ni kuongeza kuni motoni.

La nne, kumfunga na kumpiga mgonjwa ati anatolewa jini. Sikatazi kisomo. Qur'ani ni shifaa na nimewaona wakitulia kwa kusomewa kwa upole. Ninachokataa ni bakora, moshi na kamba. Mtu aliyekwishaona mauti mara moja unamwonesha tena, kisha unashangaa amezidi.

La tano, watoto. Mtoto aliyepatwa na kiwewe anaweza kurudia kukojoa kitandani, kumng'ang'ania mama, au kucheza ile ajali kila siku. Walimu wa chuoni, mtoto anayeruka fimbo ikigonga meza si lazima awe mtukutu. Muulize mzazi wake kwanza.

Najua yupo atakayesema, "Wazee wetu walipatwa na makubwa na hawakwenda kwa daktari wa akili." Kweli. Lakini wazee wetu walikuwa na matanga ya majirani, na hitma watu wakikaa mpaka usiku wa manane, na baraza ambapo mtu hakuachwa peke yake. Hayo nayo ni tiba na tumeyapunguza. Na kweli nyingine ni kwamba wengi wao waliteseka kimya. Yule babu mkali ambaye watoto wote walimkimbia, nani alimuuliza aliona nini ujanani mwake?

Ushauri wangu

Kwa wenye nyumba: mwenye kidonda hiki usimguse ghafla kwa nyuma. Akiota ndoto mbaya, washa taa kwanza, muite kwa jina ukiwa mbali kidogo, mwambie yuko wapi. Jua tarehe yake ya msiba, na siku hizo mpunguzie kazi, mlale mapema. Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake, ondoa sumu, kamba na visu, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kamati za misikiti: katika kila mtaa wapo manusura wa meli, wa mabasi, wa moto, na wakimbizi wa vita. Chagueni watu wawili, mwanamume na mwanamke, waje vituoni tuwafundishe namna ya kumsikiliza mtu na kumwelekeza. Hilo halihitaji jengo wala mfadhili.

Kwa mgonjwa mwenyewe: huna wazimu, wala hujalaaniwa. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, sema wazi kilichokupata, usiseme "presha" tu kama tulivyozoea. Hapa Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, na bara ipo Mirembe kule Dodoma na idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Katika nchi kama zetu, ni mtu mmoja tu katika wanne wenye maradhi haya anayesema kuwa amewahi kutafuta matibabu. Watatu wamebaki kwenye mkeka ukumbini, na wake zao wako njiani kwa kadhi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Basi tuitafute. Na kabla ya kumhukumu aliyeruka kwa kuuona ung'ongo, tumuulize kwanza ni nyoka gani aliyemuuma.

Wabillahi tawfiq.